Bonyeza Moja kwa Wateja Wapya

Jumatatu, 6 Mei

Intaneti imeingia nyumbani! Na mimi ndiye niliyeichagua. Nilifanya utafiti wa kina, kampuni tatu. Ya kwanza ndiyo anayotumia shemeji, kaka wa mke wangu, kwa hiyo nikaifuta. Ya pili hawakunichekea dukani. Ya tatu walinipa mwavuli wa bure. Uamuzi ukawa mwepesi.

Shemeji anauza magodoro, lakini ukoo mzima unamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio ya mama mkwe. Kanipigia kuniuliza nimechukua kampuni gani. Nikamtajia. Akasema: haya, kila la heri. Nimeichukia sana ile "haya" yake.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu anasimamia stoo ya dawa hospitalini. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili wa cheo cha mkuu wa ununuzi, kazi anayoiota tangu kabla hatujaoana, na wasaili wako mji mwingine, watamwona kwa video. Kaniomba kitu kimoja tu: intaneti isikatike. Nimemwambia aondoe shaka, mumewe yupo.

Jioni: taa ya ruta imegeuka nyekundu. Labda ndiyo rangi yake ya usiku.

Jumanne, 7 Mei

Si rangi yake ya usiku.

Nimepiga huduma kwa wateja. Mashine ikaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha ikanipigia zumari. Nimeoga, zumari linalia. Nimenyoa ndevu, zumari linalia. Mwishowe akapokea mtu. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia nimejaribu. Akaniambia nizime na kuwasha. Kwa haraka nikazima simu.

Foleni upya, zumari lile lile. Sehemu ya katikati nimeanza kuipenda kidogo.

Mke wangu kaniuliza mambo yanaendaje. Nikasema yanashughulikiwa. Akasema kaka yake ameshamwandalia chumba kwa ajili ya Ijumaa, endapo yetu itagoma. Kanikata maini! Mke wangu akafanyie usaili nyumbani kwa Injinia, halafu kila sikukuu tukumbushwe! Hapana. Nitaitengeneza hii kitu hata kama ni kwa meno.

Jumatano, 8 Mei

Nimegundua siri. Mashine ina namba tatu. Bonyeza moja kwa wateja wapya, mbili kwa matatizo, tatu kwa wanaotaka kuhama. Watu wote wamejazana kwenye mbili. Masikini wa Mungu! Mimi nikabonyeza moja. Simu haijaita hata mara moja, binti mwenye sauti ya asali akanikaribisha kana kwamba nimerudi kutoka ng'ambo. Nikamweleza habari ya taa nyekundu. Asali ikakauka. Kasema yeye ni wa wateja wapya tu, nibonyeze mbili.

Nikakata. Nikanywa maji. Nikapiga tena kwa sauti nzito, nikiwa mteja mpya. Asali ikarudi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimesimama bafuni, mbele yangu kuna dawa ya meno. Nikasema mimi ni daktari wa meno, nimepanga chumba cha uani. Alifurahi sana. Kumbe madaktari wana kifurushi chao! Fundi atafika Ijumaa saa mbili asubuhi.

Sijui akili ya namna hii nimeirithi wapi. Marehemu baba alikuwa mtu wa kawaida.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeamka na wasiwasi. Fundi wa daktari asipokuja je? Mtu makini huwa na mpango wa akiba. Nimebonyeza tatu, ya wanaotaka kuhama, safari hii kwa jina langu halisi. Akapokea bwana mpole mwenye sauti ya msibani. Nikamtangazia kwamba nahama. Nia yangu ilikuwa anibembeleze, apate hofu ya kunipoteza, atume fundi mbio.

Akanibembeleza! Akanipa nusu bei. Nikakataa. Akaongeza miezi miwili ya bure. Nikakataa tena, maana utamu ulikuwa umenikolea. Sijabembelezwa hivyo tangu nilipougua surua. Nikasema nimeshaamua, kisha nikangoja ombi la tatu. Halikuja. Kasema wanaheshimu uamuzi wangu, kesho asubuhi fundi atakuja kukata waya na kuchukua ruta. Akanitakia maisha mema.

Vitisho tu. Atapiga tena mwenyewe. Nimeshinda na simu mapajani.

Hajapiga. Ana kiburi yule.

Mke wangu amepiga pasi blauzi ya kijani na anajisaili mbele ya kioo. Akifika kwenye swali la udhaifu wake, sauti inatetemeka. Nikamwambia yeye hana udhaifu. Akasema anao mmoja, na alifunga nao ndoa. Nikacheka. Baadaye nikaacha kucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku gani hii!

Saa mbili, fundi wa kwanza, mwembamba, anamtafuta daktari. Nikajipiga kifua. Akaeleza kwamba nyumba moja hupata waya mmoja, kwa hiyo akaiunganisha laini ya daktari kwenye waya ule ule wa zamani, akaweka ruta mpya pembeni ya ile mbovu, akaondoka. Taa ya kijani! Nikamwita mke wangu aje aione. Akanikumbatia. Sikuona sababu ya kumchosha na habari za daktari.

Shemeji naye akatokea, funguo za gari mkononi, tayari kumchukua dada yake. Nikamwonyesha taa. Akaitazama, akasema bado ni asubuhi. Akavuta kiti jikoni, akaomba chai.

Saa nne usaili ukaanza, mlango wa sebuleni ukafungwa. Muda mfupi tu, hodi. Fundi wa pili, mnene, ngazi begani, mkono mmoja umeshika shavu. Kaja kukata waya wa mteja anayehama. Akasoma jina. Langu!

Nikasema mteja huyo ametoka, arudi mchana. Akasema yeye hamhitaji mteja, anahitaji nguzo. Nikamuuliza, kwa mfano tu, mteja akighairi inakuwaje. Akasema si neno, apige simu tu, abonyeze mbili.

Akaegemeza ngazi. Kupitia dirisha nikamsikia mke wangu, sauti imetulia kabisa, anawaeleza jinsi stoo yake isivyowahi kukaukiwa dawa hata ule mwaka mbaya. Nilitaka aipate ile kazi kuliko nilivyotaka kumshinda kaka yake. Zaidi kidogo. Hapana, zaidi sana.

Fundi alikuwa ameshapanda vidato viwili alipogeuka kuniuliza, kwani mimi ni nani hapa. Nikasema mimi ni mpangaji wa uani, daktari wa meno.

Akashuka. Kumbe hajapata usingizi tangu juzi, jino linamuua!

Nikampeleka jikoni mbio, nikamkalisha kwenye stuli, nikamwambia shemeji anishikie tochi. Shemeji akatoa macho, lakini akashika. Nikachukua kijiko cha chai. Nikaanza na meno ya mbele, mazima kabisa, nikayakagua moja moja, upande wa mbele na wa nyuma. Kila alipotaka kusema, nilimkataza kufumba mdomo. Kila alipoitupia macho ngazi yake, niligonga jino jingine. Nikamuuliza kuhusu utoto wake, sukari, na kama kwao kuna aliyekuwa na mapengo. Alijibu yote kwa kuguna. Shemeji akanong'ona kwamba mkono umemchoka. Nikamwambia abadilishe mkono.

Meno yakaniishia. Likabaki gego la mwisho, na kweli lina shimo la kuingia punje ya hindi! Nikamwambia kwa upole kwamba hili limenishinda, linataka vifaa vikubwa, aende hospitali leo hii bila kukosa. Hilo lilikuwa neno la kweli, na nililisema kwa moyo.

Ndipo mlango wa sebuleni ukafunguliwa. Mke wangu huyo, uso unang'aa, usaili umekwisha na video haikukwama hata mara moja. Akatukuta: mimi na kijiko mdomoni mwa mwanamume asiyemjua, kaka yake anamulika. Fundi akaomba namba yangu ya simu, akanisifia kwa mke wangu kwamba mpangaji wenu ana mkono mwepesi, akapanda nguzo, akakata waya. Kisha akabeba ruta zote mbili.

Ikabidi nieleze yote, tangu kubonyeza moja. Shemeji safari hii hakusema "haya". Alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu alikaa chini sakafuni na blauzi yake iliyopigwa pasi, machozi yanamtoka kwa kicheko. Nami nikacheka, ingawa sikuwa na uhakika tunamcheka nani.

Jumapili, 12 Mei

KAPATA! Walimpigia jana. Niliruka, nikajigonga kichwa kwenye kabati, wala sikusikia maumivu. Mkuu wa ununuzi ndani ya nyumba hii! Leo kila aliyepita mlangoni nimemwambia, pamoja na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Siku nyingine atafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo intaneti ni lazima. Kaniambia kwa upole sana kwamba safari hii atachagua yeye. Kachagua kampuni ya shemeji. Sikupinga. Nilipinga kidogo tu, wakati wa kula. Fundi wao anakuja kesho.

Yule fundi mnene naye kapiga simu. Aling'olewa gego lile lile nililomtajia, amelala usingizi mzito, ananiombea dua. Ila wenzake wawili kazini wanaulizia zamu yao. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza, kaniambia niwaeleze ukweli leo leo, na nisitie tena kijiko mdomoni mwa mtu maisha yangu yote. Nimeahidi. Nitawaeleza, hakuna haraka.

Lakini nimekaa nimewaza. Fundi wa kesho anatoka kampuni nyingine kabisa. Hanijui. Intaneti yao siku moja nayo itakatika, na tutarudi kwenye foleni kama watu wa kawaida. Ila hakuna fundi anayemweka daktari wake kwenye foleni, na kila fundi ana meno.

Koti jeupe nimeshaulizia bei. Si ghali hata kidogo.