Niliowafukuza Kwenye Kompyuta ya Felista

Leo nimeaibika, wanangu, tena mbele ya wafiwa.

Nawaandikia nyote mlioko Dar, Arusha na Mwanza kabla Leokadia hajawapigia simu, maana yeye akisimulia ataongeza chumvi. Naandika kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ile ile niliyoiua asubuhi. Felista ataibeba barua hii kwenye flashi akishuka Moshi, awatumie kwa imeili.

Mmesikia kwamba Verediana ametutoka. Verediana wa Kaspari, jirani yangu wa kihamba cha chini, shamba la migomba linalopakana na letu; mimi na yeye tuliolewa mwaka mmoja. Anazikwa kesho. Mwanawe Evarist aliniomba nisimulie wasifu wa mama yake, kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayewajua watoto wote aliozaa, pamoja na wale wawili waliokufa wachanga, Filomena na Petro, ambao majina yao hayajawahi kusomwa popote. Jana nilisimulia, mkamwana wangu Felista akachapa. Leo alasiri Evarist alikuwa aje auchukue, auwahishe mjini ukatolewe nakala kabla maduka hayajafungwa.

Jana hiyo hiyo Felista alilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito. Alisema imejaa. Neno hilo likanikaa kichwani usiku.

Asubuhi akapeleka maziwa, kisha akapitia msibani kumenya ndizi. Nikabaki mimi na kompyuta na moyo wangu wa kusaidia. (Moyo huu umeniponza tangu usichana.) Kuwasha najua. Kucheza karata najua. Kufuta alinifundisha Gaudence mwenyewe, mume wa Felista. Basi nikavaa miwani, nikaingia.

Nikapita kwenye kazi za Felista bila kugusa kitu. Wasifu wa Verediana, namjua. Harusi ya Prisca wa Melkiori, namjua. Kipaimara cha Uru, wote nawajua na wasimamizi wao. Nikasonga mbele hadi chumba cha ndani ambacho sijawahi kukanyaga. Fundi aliyetoa virusi mwezi uliopita alivifichua vitu vilivyokuwa vimefichwa, akaondoka bila kuvifunika. Mimi sikujua kama vinafichwa kwa sababu.

Humo nikakuta wageni.

Mnanijua. Mtu akiingia kwenye kihamba hiki namuuliza yeye ni wa nani, na babu yake ni nani, ndipo nampa kiti. Hawa hawakuwa wa mtu yeyote. Mmoja anaitwa ntldr. Mama gani anamwita mwanawe hivyo? Hana a, hana e, ukimtamka unang'ata ulimi. Pembeni yake ndugu yake, ntdetect. Wamekaa tu, hawana picha, wanajaza nyumba ya watu.

Nikawafuta. Kila mmoja, kompyuta iliniuliza kwa Kiingereza kirefu, na chini yake pana Yes na No. Yes naijua. Nikajibu Yes. (Darasa la nne langu lilinitosha kufika hapo tu.) Nikazima ili ipumzike, nikaenda kumkatia ng'ombe majani, roho nyeupe.

Felista akarudi, akawasha. Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe wa maneno, basi. Akazima, akawasha. Kile kile.

Akaniuliza kwa upole kama niliigusa.

Nikasema hapana. Nikasema umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. (Umeme haukukatika.) Jamani, ulimi wangu ulitangulia, mimi nikabaki nyuma nikiufuata.

Wageni nao wakafika mapema. Evarist na shangazi yake Leokadia, yule asiyesahau kitu isipokuwa deni la sukari. Nikawapa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Felista yuko chini ya meza anakagua waya, jasho linamtoka na baridi hii ya Uru. Leokadia akauliza kulikoni. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Nikasema, "Vijana wa siku hizi wanaziacha zinawaka mchana kutwa, zitaacha kufa?"

Felista alisikia.

Alitoa CD, ile sahani ya Windows aliyoachiwa na fundi, akaitumbukiza, akaandika maneno kwenye kioo cheusi, akafuta, akaandika tena. Evarist alikuwa anatazama saa zaidi kuliko anavyotazama mtori wake. Nikaomba rozari kimyakimya, fungu zima, kwa ajili ya Filomena na Petro wasikose kusomwa mara ya pili. Kumbe Felista alikuwa anawarudisha wale wageni wangu, anawanakili kutoka kwenye sahani mmoja mmoja.

Ikawaka. Wasifu ulikuwepo, mzima, hadi nukta ya mwisho. Nikashukuru kwa sauti. Kumbe niliwahi kushukuru.

Felista akafungua pipa la taka la kompyuta, aone kilichopotea. Evarist, aliyekuwa begani kwake, akasoma majina. Kisha akasoma saa waliyofutwa. Leo asubuhi.

"Asubuhi si ulikuwa kwetu unamenya ndizi?" akamuuliza Felista.

Leokadia akaweka bakuli chini. Wote watatu wakanigeukia.

"Niliwafukuza," nikasema. "Siwajui."

Evarist, ambaye tangu mama yake afe hakuna aliyemwona hata akitabasamu, akacheka hadi akashika ukuta. "Bibi, unajua jina la ng'ombe wa mahari ya mama yangu, halafu humjui anayeiwasha kompyuta?" Leokadia akatoa simu yake hapo hapo. Ndiyo maana naharakisha.

Wao wakicheka, nilivumilia. Aliyeniumiza ni Felista. Hakucheka. Alimpa Evarist flashi, akamsindikiza hadi getini, akarudi, akasema taratibu, "Mama, ungeniambia tu. Tangu mchana najilaumu, nikidhani nimemkosesha marehemu wasifu wake."

Nimemwomba radhi. Amesema yameisha, lakini bakuli za mtori ameziosha peke yake na hakutaka nisaidie.

Jioni nilimwomba anitambulishe wale niliowafukuza. Ntldr kazi yake ni kuwaamsha wenzake wote. Asipoamka yeye, nyumba nzima inalala. Ndugu yake anapita kuangalia nani yupo na nani hayupo. Wanaifanya kazi yangu mimi, miaka yote, na hakuna aliyewahi kuwauliza majina.

Chekeni huko huko mliko, na mkija Krismasi muwe mmemaliza. Pole zenu msinipe mimi, mpeni Felista.