Maziwa Yetu Kuambiwa Yana Chumvi

Nkololo,
Bariadi.

Mkuu wa Maabara ya Protini,
Chuo Kikuu,

YAH: KUKATALIWA KWA MAZIWA YETU

Ndugu Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Niliwatumia maziwa ya ng'ombe wetu ili mashine yenu ipitishe ule mwanga unaozunguka na kuonyesha protini zake zimejikunjaje. Bila kipimo hicho sishiriki maonyesho ya sayansi ya mkoa. Mmeyakataa na kunitumia masharti, nami, kwa heshima zote, nalalamika.

1. Mnasema yalitosha matone machache, siyo dumu. Aliyejaza dumu ni bibi yangu, Ng'washi. Kwetu mtu akiomba maziwa humpi matone, labda kama mmegombana.

2. Mnataka sampuli isiyo na mafuta wala ukungu, mwanga upite. Huku maziwa yanayopitisha mwanga tunamtafuta aliyeyauza. Bibi aliuliza, "Wakishaondoa mafuta na weupe, watabaki na nini?" Nikamjibu, protini. Akasema basi wangeomba hiyo protini, wamwache ng'ombe apumzike.

3. Mnataka na chupa ya pili, yenye maji yaleyale ya maziwa ila bila protini, mashine ipate kulinganisha. Kupeleka chombo kisicho na kitu kwa watu ni kuomba. Ukoo wetu haujawahi kuomba, na hautaanzia chuo kikuu.

4. Hili ndilo limeniuma. Mmeandika kwamba maziwa yana chumvi nyingi, na chumvi inameza mwanga. Nilikamua mwenyewe, nikachuja mwenyewe. Chumvi haikuwamo. Kwa hiyo mashine imekosea. Naomba ipelekwe kwa fundi, vipimo vyote ilivyowahi kutoa virudiwe, na ng'ombe wetu aombwe radhi kwa maandishi, kupitia kwa Mwalimu Method, anayetufundisha sayansi.

Bibi anawasalimu kwa Kisukuma, mwangaluka nyote, pamoja na mlinzi wenu aliyelibeba dumu.

Wenu katika sayansi,
Sayi Bundala

N.B. Bibi amenisikia nikiisoma barua hii kwa sauti. Anasema chumvi aliitia yeye, konzi moja, maziwa yasiharibike kwenye basi. Tafadhali msimpeleke fundi kwenye mashine. Nimeanza upya: nimeyagandisha maziwa mengine yasiyo na chumvi, nimechuja, nimebaki na kijiko kimoja cha maji angavu, nimeyaambatanisha. Ile chupa isiyo na protini Bibi bado hakubali itumwe. Ila amesema naweza kuja nayo mwenyewe, mkinialika.