Mlafi kwa Bei ya Pikipiki

Jumatatu, 4 Machi

Nimetajirika! Bado kidogo, lakini harufu ya pesa naisikia. Mwalimu mstaafu aliyehamia kwa binti yake aliniachia mmea ndani ya kopo la rangi, kwa kuwa mimi ni muuza miche. Mmea wa ajabu. Una vibuyu vyenye vifuniko. Nzi akitua mdomoni anateleza, anazama, analiwa. Nimeupa jina Mlafi. Mke wangu anauita mke mwenza, eti nautazama kuliko ninavyomtazama yeye.

Leo mteja wa mche wa mlimau kaganda mbele ya kopo. Kasema kuna watu hukusanya mimea hii kama wengine wanavyokusanya stempu, na daktari wake wa meno hulipa pesa za kutisha kwa aina adimu. Kanipa namba. Nimempa mlimau bure. Mkono mtupu haulambwi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemtumia daktari picha. Papo hapo kapiga mwenyewe. Aina hii kaitafuta miaka kumi na mmoja! Kataja bei. Nimekaa chini. Ni bei ya pikipiki mpya! Anakuja Jumamosi. Kaomba jambo moja tu: nisiuguse. Maji ya mvua basi. Nisiupe mbolea, nisiulishe chochote.

Nimemwambia mke wangu. Kaacha kushona sare za watoto wa shule, kauliza kama huyu daktari ni ndugu yake na yule mnunuzi wa sungura aliyetutia hasara. Mambo ya sungura hayafai kufukuliwa. Kisha kasema taratibu kwamba Jumamosi mmea usipouzika, Jumatatu naenda kufanya kazi dukani kwa kaka yake. Kachoka kuibeba nyumba peke yake. Hakufoka. Angefoka ningejua la kusema.

Kwa shemeji! Muuza misumari! Anayeniita Profesa mbele za watu! Nimekubali, maana sitashindwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri tangu asubuhi. Mnunuzi gani anamkataza muuzaji kupendezesha bidhaa? Anayetaka kumlalia! Miaka kumi na miwili nauza miche, najua mmea ukikonda na bei inakonda. Nimeutupa ule udongo wa mwalimu, mchanga na majani makavu, aibu tupu. Nimejaza samadi ya kuku. Nzi hapa kwetu hakuna, mke wangu ni msafi kupita kiasi. Kwa hiyo nimetia nyama ya kusaga, kijiko kimoja kila kibuyu. Nikamwambia Mlafi ale ashibe. Alionekana kufurahi.

Shemeji kapita. Kauliza Profesa anamlisha nani leo. Nimemjibu kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Kaenda zake anacheka.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo! Limenijia naoga, nimetoka na povu kichwani. Mmea mmoja, pikipiki moja. Je, mimea minne? Kugawa mashina ndiyo kazi yangu! Nimechukua kisu cha mkate, nimempasua Mlafi vipande vinne. Kila kipande na kopo lake, samadi yake, nyama yake. Nimempigia daktari kumwambia kuna habari njema itakayomshangaza. Kauliza kama nimeugusa mmea. Nimesema simu inakatikakatika.

Nimemwahidi mke wangu cherehani ya umeme. Hakutaka kucheka, akacheka, kicheko kile cha kabla ya sungura. Jamani! Kwa kicheko kile ningegawa hata nguzo ya umeme.

Ijumaa, 8 Machi

Makopo yananuka. Vibuyu vimeanguka. Kimoja, kingine, mpaka vyote. Nimevirudishia kwa gundi ya viatu. Mke wangu kauliza harufu gani hiyo. Nimesema mimea adimu ina harufu adimu. Nzi sasa wamejaa! Na hakuna wa kuwala.

Nimekaa na makopo yangu manne. Niseme ukweli, maana shajara haina mdomo: nimehuzunika, na si kwa sababu ya pikipiki tu. Katika vyote vilivyopita mikononi mwangu, Mlafi peke yake ndiye aliyekuwa anaijua kazi yake.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari kaja. Mama mfupi, viatu vya kazini, na sanduku lililotandikwa pamba la kumbebea Mlafi. Nimempangia makopo manne, nikasema karibu mama, chagua. Kakaa juu ya ndoo ya samadi na gauni lake safi. Kagusa kibuyu, gundi ikamganda kidoleni. Kauliza kwa upole, nadhani ndivyo anavyowauliza watoto wenye meno mabovu, nimeulisha nini. Nikamweleza yote. Kasema mmea huu hula wadudu kwa sababu umezoea udongo usio na kitu. Ukiishibisha mizizi, unaiunguza.

Kachokonoa kopo la tatu kwa kijichuma. Kapata kijimzizi cheupe, urefu wa njiti ya kiberiti. Kasema labda. Kauliza nataka kiasi gani. Mke wangu kasimama mlangoni anasikiliza. Ulimi ulitaka kutaja nusu pikipiki. Nimesema achukue tu, aokoe anachoweza. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kaondoka kakumbatia sanduku.

Mke wangu hakunisema. Kaleta maji na sabuni, tukaosha makopo pamoja. Kasema leo nimefanya uungwana. Kisha kasema Jumatatu saa mbili, nisichelewe.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kanipigia shati pasi. Nimemsikia kwenye simu akimwambia kaka yake asithubutu kuniita Profesa. Nikajifanya nimesinzia kitini. Nampenda huyu mwanamke. Nimeapa: sitamwaibisha tena. Kuanzia kesho nafanya ninachoambiwa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza dukani. Shemeji kaniita kwa jina langu. Lilimkwama kooni, nilimwona. Kazi si mbaya. Napima misumari kwa mizani ya shaba aliyoiacha marehemu baba mkwe. Imekuwa nyeusi kwa uzee.

Saa tano kaingia mchoraji ramani za nyumba, kaja kununua bawaba. Kaiona mizani, kasahau bawaba. Kasema mizani za aina hii hazipatikani tena, yeye anazikusanya. Kwa hii angetoa pesa ambayo misumari haiingizi mwezi mzima. Atarudi saa kumi kumwomba mwenye duka amuuzie. Kaniomba nisiifute hata vumbi, uzee wake ndio thamani yake.

Hahaa! Kulaliwa tena? Mimi? Wakusanyaji nimeshawajua! Shemeji alikuwa kaenda kuagiza saruji. Mizani nimeikwangua kwa msasa, nimeipaka rangi ya mafuta ya kijani mara mbili, na visahani vyekundu. Imependeza mno! Rangi bado mbichi. Nasikia sauti ya shemeji nje, na ya mke wangu pia, kaniletea chakula cha mchana. Vizuri. Waione wote wawili.