Niliomba Cherehani, Mkaileta Kweli

Kwa Bwana Meneja,
Mfuko wa Mikopo Isiyo na Riba.

Assalamu alaikum. Mwili mzima, ila roho inaniuma, na mlioniumiza ni ninyi. Naomba mje mchukue cherehani yenu kabla ya Ijumaa, kwa sababu hizi:

1. Niliandika kwamba naomba mkopo wa cherehani. Jamani! Ni mtu mzima gani asiyejua kuwa anayeomba pesa ya cherehani anataka sofa? Badala ya kunipa pesa mkononi, afisa wenu alinikokota mpaka dukani, akainunua mwenyewe, akanitajia bei aliyonunulia na faida yenu, kisha akanitwisha. Mtaa mzima ukanipa hongera. Hongera ya nini?

2. Deni lenu haliongezeki. Wenzangu pale kwa kinyozi wana riba za kulalamikia. Wanaonewa huruma, wananunuliwa chai. Mimi nikifungua mdomo wananicheka.

3. Nilipochelewa kulipa nilijificha uvunguni, kama mdaiwa yeyote mwenye adabu. Afisa wenu akamwambia mke wangu anipe pole, mtasubiri. Basi! Hakung'oa mlango, hakubeba hata sufuria. Vumbi lote lile nimelila bure. Huo nao ni ukopeshaji? Mshindwe!

4. Mke wangu sasa anashona sare za shule sebuleni, na kiti changu kimetupwa barazani. Watoto wa watu wananiuliza kama fundi yupo, mimi mwenye nyumba! Mama mkwe naye, aliyekuwa akiitikia salamu zangu shingo upande, siku hizi hataki hata hizo. Ananipita, anakwenda kuipangusa cherehani.

Mnajisifu eti mnapunguza umaskini. Punguzeni wa wengine. Wangu nilishauzoea, na ndani yake nilikuwa bwana.

Wasalimieni wote hapo ofisini, pamoja na huyo afisa, ingawa hastahili.

Ni mimi,
Mteja wenu mliyemdhulumu.

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, binti yetu akaingia analia, karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mama yake hakunilaumu. Alifungua droo ya cherehani, akanikabidhi pesa zote, akasema nipeleke mimi mwenyewe, walimu wajue mtoto ana baba. Nimerudi sasa hivi. Njiani nimelia, na sioni haya kuwaambia. Cherehani msiiguse. Atakayekuja kuichukua atanikuta mlangoni.