Sauti Chini ya Kaunta

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mama Mwenye Duka anafungua famasia ya pili, na Jumamosi atamtangaza msimamizi. Wafamasia tuko wawili tu: mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani, kwa ile miwani yake mikubwa. Miwani hana haya. Mteja akiuliza kitu, anatoa simu mbele yake na kufungua programu ya dawa, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Mimi nina hadhi yangu. Nimepakua programu ileile, ila kwa siri.

Jumanne, 4 Machi
Mambo safi! Simu iko kwenye droo chini ya kaunta. Waya unapita ndani ya koti jeupe hadi sikioni, kofia inafunika. Naandika jina la dawa kwa kidole gumba, programu inanisomea, mimi natazama dari na kupapasa kidevu, kama nilivyozoea siku zote. Mzee mmoja wa kikohozi kanisifu kwamba nina kichwa. Miwani kaniuliza kama shingo inaniuma. Wivu huo!

Jumatano, 5 Machi
Kasoro ndogo. Mteja anaongea sikio hili, programu sikio lile. Dada mmoja kauliza bei ya sabuni, nikamjibu mara mbili kwa siku baada ya chakula. Kairudisha sabuni.

Alhamisi, 6 Machi
Siku gani hii! Kaingia mama mkwe. Huyu hununua dawa zake kule mbali, mkwewe nipo hapa, na jambo hilo huniuma sana. Leo kule kumefungwa. Kataka vidonge vya maumivu ya goti. Nikamuuliza dawa nyingine anazotumia. Kumbe anameza za kuzuia damu kuganda. Nikaandika zote mbili. Kisha nikakumbuka kwamba sijamwamkia! Nikainama kwa adabu zote, shikamoo mama, waya ukanasa kwenye droo na kuchomoka. Simu ikapaza sauti duka zima: hatari ya kutokwa na damu, usimpe mgonjwa.

Mama Mwenye Duka amesimama mlangoni. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe kauliza nani kasema. Nikakiri ni simu, huwa naiuliza. Kashusha pumzi. Kasema kumbe naulizaga! Miaka yote alidhani nakisia, maana kila akipita hapa dukani huniona naangalia dari, ndiyo sababu alikuwa anakwenda kwingine. Tukampigia daktari wake, akampa dawa nyingine. Mama mkwe kaniita mwanangu, mbele ya watu! Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 8 Machi
Msimamizi ni Miwani. Mimi naibu wake, kwa sharti moja: simu iwe juu ya kaunta, mteja aione. Nimekubali. Mama mkwe kahamishia dawa zake zote kwetu, na analeta majirani. Nina furaha kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeishika siri ya kazi! Wateja wanapenda mtu anayetazama simu. Leo kijana kataka pamba. Nikatoa simu, nikakunja uso, nikasoma kwa muda mrefu, nikamwambia pamba haina madhara na dawa yoyote. Kashukuru sana. Miwani kaninong'oneza kwamba simu imezima tangu asubuhi.

Haidhuru. Naibu si msimamizi, na mwaka ni mrefu. Nimemchunguza vizuri Miwani na nimejua anachonizidi. Kesho nanunua miwani.