Zamu ya Asubuhi na Wanawake Sita

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeitwa ofisini. Naandika haya katika chumba cha mapumziko, dakika kumi na tano, chai inapoa.

Kosa ni la ripoti. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee hapa Hyattsville, zamu ya jioni. Kila mzee nikimaliza kumhudumia lazima niandike kwenye tableti: amekula nini, ameoga, amegoma. Kwa Kiingereza. Ijumaa niliandika kuhusu Mzee Ayodele kwamba "she took her shower." Binti yake akasoma. Leo amekuja kumuuliza Audrey, msimamizi wetu, huyo mwanamke anayeoga bafuni kwa baba ni nani.

Audrey hakucheka. Binti ndiye aliyecheka, kidogo. Nikajitetea kwamba kwetu mtu ni mtu. Yeye ameoga, basi. Mwanamume au mwanamke, utajua ukimwona. Audrey akasema familia hazimwoni, zinasoma.

Halafu akatoa jambo zito. Nafasi moja ya zamu ya asubuhi imefunguka. Ataamua Ijumaa, mimi au mwenzangu wa zamu, Wamaitha, na atatazama ripoti za wiki hii.

Naitaka zamu hiyo kuliko usingizi, na usingizi nautaka sana. Naingia kazini saa tisa alasiri; saa moja baadaye mwanangu Bupe, miaka sita, anashuka basi la shule. Baba yake, Lusekelo, yuko ghalani Beltsville anabeba maboksi. Anayempokea na kumlaza ni Leokadia, jirani wa mlango wa pili. Mwema sana. Lakini jana, siku yangu ya kuwa nyumbani, Bupe aligoma kulala mpaka nimwimbie wimbo wa Leokadia. Siujui. Ni wa Kihaya.

Mpango: sitaandika "he" wala "she" tena. Majina tu. Jina halimkosi mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango umeanza vizuri. "Mr. Ayodele washed the face of Mr. Ayodele. Mr. Ayodele put the socks of Mr. Ayodele on the feet of Mr. Ayodele." Hakuna kosa hata moja. Nimejisifu peke yangu kwenye lifti.

Kisanduku cha kuandikia kikajaa kabla Mzee Ayodele hajafika mezani. Chakula chake cha jioni hakimo popote. Audrey akaniuliza kama ghorofa ya pili sasa ina akina Ayodele wanane, na kama kuna hata mmoja aliyekula.

Wamaitha alikuwa palepale, anajifanya anakunja taulo. Ametoka Nyeri na Kiingereza chake anakivaa kama koti jipya. Akaniambia pole Vumi, Kiingereza si ugali, hakitaki nguvu. Kisha akanishauri, bure kabisa, niandike "they" kwa kila mtu. Hiyo haichagui, akasema; hata Wamarekani wenyewe wanaitumia kwa mtu mmoja.

Nikamshukuru. Labda nimekuwa nikimfikiria vibaya.

Jumatano, 17 Septemba

Sikuwa nikimfikiria vibaya.

Asubuhi nilimwajiri Bupe awe mwalimu wangu. Akapanga midoli mezani kati ya bakuli za uji, huyu "he", huyu "she", akaniuliza swali moja moja kwa Kiingereza. Nikamwambia nyumbani tunasema Kiswahili, hata kama tunasoma Kiingereza. Akaniambia hilo haliwezekani, Kiswahili hakina hivyo vitu, na hilo ndilo tatizo langu lote. Nikapata sifuri na stika ya chura aliyenuna. Nikamtuma akapige mswaki. Mwalimu au si mwalimu, meno ni meno.

Jioni nikaandika kuhusu Edna wa chumba cha mwisho: "They ate all their soup." Audrey akapanda mpaka juu kumtafuta mtu wa pili anayekunywa supu ya Edna. Akamuuliza Edna mwenyewe. Edna alifanya kazi posta miaka thelathini na bado anakagua kila kinachomkaribia. Aliposikia kuna mwizi wa supu, akalihamishia bakuli nyuma ya mto, na huko ndiko alikomalizia mlo.

Audrey akanieleza taratibu kwamba neno lenyewe si baya. Shida ni kwamba kabla ya hapo nimemtaja Edna, muuguzi na mpishi katika mstari mmoja, wote wakawa "they", na msomaji hajui supu ni ya nani. Kila neno la namna hiyo lazima lijulikane linamfuata nani, akasema. Nikaitikia. Nilikuwa nimeelewa kabisa mpaka nilipofika kwenye ngazi.

Jumatano imeisha. Bado siku mbili.

Alhamisi, 18 Septemba

Wazo limenijia kwenye basi, tulipokwama Langley Park kwenye ujenzi wa reli. Nimehangaika siku tatu kubadilisha maneno. Kumbe cha kubadilisha ni wazee!

Ghorofa yetu ina wazee kumi: wanawake sita, wanaume wanne. Mimi na Wamaitha tunagawana upya kila siku kwa vyumba, mchanganyiko. Nikimpa yeye wanaume wote, nikabaki na wanawake watupu, kila ninayemwandika ni "she". Naweza kuandika nimefumba macho. Ajabu hakuna aliyewahi kuliona hili.

Nikampelekea Wamaitha. Akauliza kama Edna naye yumo kwenye fungu langu. Nikasema yumo. Akauliza kama nina homa. Kisha akaenda ubaoni mbio, akaandika majina upya kwa mkono wake mwenyewe kabla sijapona. Wanaume wanne, wapole, watatu kati yao wanalala jua likiwa bado juu. Jioni nzima nimemwona na kikombe mkononi.

Mimi sita. Nikaanza na Edna ili balaa liishe. Hajakubali kuoga tangu Julai. Akaniuliza nimetumwa na nani, na nikikataliwa nirudishwe anwani gani. Nikamwambia Tukuyu. Akauliza ni wapi. Nikamweleza. Akasema ni mbali mno, stempu haitatosha, basi nikae.

Nikakaa. Nywele zake zilikuwa zimeshikana upande mmoja kama kiota. Nikamuuliza kama nimsuke. Akasema mistari minane, iliyonyooka, siyo ya kubahatisha. Nikamwambia nitasuka, lakini nywele chafu sisuki. Sikusema kwa ukali. Lakini sisuki, hata Bupe anajua. Akanitazama kitambo kama barua isiyo na jina. Akachukua taulo akatangulia bafuni.

Nilipofika mstari wa saba, wanawake wengine wanne walikuwa mlangoni, kila mmoja na kitana chake. Wa tano alituma ujumbe kwamba anakuja, asisahauliwe.

Ripoti: she, her, she, she, her. Safi kama sahani ya mgeni. Vidole vimekufa ganzi. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Kaka yake Edna amekuja na maua. Nikaandika, "She brought flowers and she kissed her sister." Mkono ulikuwa umeshazoea. Audrey akatoka kwenda kumsalimu huyo dada, akakutana na mzee wa futi sita na nusu, ndevu mpaka kifuani.

Saa kumi na moja tukaitwa, mimi na Wamaitha. Yeye alikuwa amepaka rangi ya midomo. Audrey akasoma sentensi yangu kwa sauti, neno kwa neno. Nikatazama viatu vyangu. Nikaanza kufikiri ni nani anaweza kunifundisha ule wimbo wa Kihaya kabla ya Jumapili.

Halafu akaiweka tableti chini. Akasema Edna ameoga jana na leo ameoga tena. Akasema zamu ya asubuhi ndiyo inayoogesha wengi, na anamtaka mtu ambaye, bila kuombwa, amechukua wanawake sita na Edna akiwemo, huku mwenzake akibaki na wanne, watatu wamelala. Zamu ni yangu. Orodha yangu ya asubuhi atanipangia wanawake, kwa kuwa ameona ndiko moyo wangu ulipo. Kuhusu Kiingereza, kuna darasa la bure maktaba kila Jumamosi, mwalimu anaitwa Kwesi. Akaniandikia saa kwenye karatasi.

Wamaitha akauliza kama anaweza kurudishiwa wanawake watatu, ama hata wawili. Hapana.

Tukashuka na Wamaitha kwa lifti. Mlango ulipofunguka akaniambia nyinyi Watanzania, pole pole hivi, samahani hivi, kumbe ni makachero. Sikukana. Audrey anadhani ni moyo. Mimi najua ni mpango.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa ya darasa nilikuwa nimelala. Bupe alikuwa amelala juu ya mkono wangu, ningenyanyukaje? Tena aliyepona haendi hospitali.

Jumatatu, 22 Septemba

Zamu ya kwanza ya asubuhi. Saa tisa nimetoka, saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa kituoni, nimesimama mbele ya kina mama wote.

Bupe akashuka. Akanitazama, akachungulia nyuma yangu, akauliza kwa Kiingereza Leokadia yuko wapi. Nikamwambia aulize kwa Kiswahili. Akafikiri. "Yeye yuko wapi?" Nikamjibu yeye yuko kwake, na mimi niko hapa, na kesho nitakuwa hapa. Akanivulia begi nimbebee. Sijui wanawajazia nini humo, mawe. Nimelibeba mpaka nyumbani na sikuusikia uzito.

Kuna jambo dogo tu la kazini. Orodha ni wanawake, kama Audrey alivyoahidi, isipokuwa chumba cha kumi na mbili. Humo kuna mume na mke. Wameoana miaka hamsini na miwili. Wanakula kutoka sahani moja, wanaazimana masweta, na kila mmoja anasimulia habari za mwenzake. Leo sentensi ya kwanza ya ripoti yao imenichukua dakika ishirini, na nilipoisoma, mume alikuwa amevaa sidiria.

Si tatizo. Wakati namsuka mke nilimuuliza, polepole, kama mume wake anakoroma. Akasema kama lori linalopanda mlima. Nikamwambia ng'ambo ya korido kuna chumba kizuri kitupu, kina dirisha kubwa. Akacheka. Akasema tangu aolewe hajawahi kupata usingizi bila lori hilo.

Kesho nitamuuliza mume kama miguu ya mkewe ni ya baridi.