Mama Pacha na Vita vya Mkato Mmoja

Zimeni redio, epueni sufuria, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe sasa hivi, kwa maana sitarudia. Nasimulia habari za Mama Pacha, jemadari wa ndoo, mlezi wa miche isiyohesabika, aliyeingia katika kamati ya ardhi ya manispaa akiwa amevaa viatu vya kuazima vinavyombana, akatoka na ushindi ambao upana wake unamtosha mtu mmoja na ndoo moja.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Baba mkwe wake alifariki akaacha kiwanja kimoja kirefu, kichwa barabarani, miguu ziwani, na wana wawili. Mkubwa, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Ukuta kwa kuwa hajawahi kuona nafasi wazi asiizibe, alijenga upande wa ziwa. Mdogo, mume wa Mama Pacha, alijenga upande wa barabara, na nyuma ya jiko lake mkewe akaotesha miche ya kuuza, ile miche iliyowavisha pacha sare za shule. Bomba la mtaani hutoa maji siku likipenda lenyewe, hivyo miche ilikunywa maji ya ziwa, yaliyopandishwa kwa ndoo kupitia kijia kilichokatiza kati ya nyumba hizo mbili, kisha kikateremka ubavuni mwa nyumba ya Bwana Ukuta.

Ndipo Bwana Ukuta akapeleka manispaa maombi ya kukigawa kiwanja vipande viwili, kila kimoja na hati yake. Alikusudia kuwa kile kijia kiwe mpaka, juu ya mpaka usimame ukuta, na ziwa libaki kwake. Mama Pacha angelazimika kuzunguka hadi ufukwe wa umma, safari ambayo ndoo huondoka imejaa na kufika nusu, na mbebaji hufika robo.

Mumewe, simba yule angurumaye chumvi ikizidi kwenye mchuzi, mbele ya kaka yake alilainika kama mkate ndani ya chai.

"Ni kaka yangu, mke wangu. Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Nipigie pasi gauni."

Akapiga, tena vizuri.

Siku ya kamati ikawadia. Ukumbi ulikuwa na feni lililozunguka kwa kujilazimisha, na mchoro wa kiwanja ulikuwa umebandikwa ukutani, wazi mbele ya macho ya kila mtu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya nywele, akauliza kama kuna pingamizi.

Mama Pacha akainuka, kama mawimbi yainukavyo siku ya tufani, isipokuwa viatu vilimbana, akainuka upande upande.

"Mheshimiwa mwenyekiti, na ninyi wajumbe wenye hekima, na wewe shemeji unayetazama saa: sikuja kupinga. Naliunga mkono kila neno lililo kwenye mchoro huu. Naomba tu lile lililoandikwa katikati lisomwe kwa sauti."

Bwana Ukuta akacheka hadi kitambi kikatikisika. "Mmesikia? Hata shemeji amekubali! Someni tumalize."

Mpima ardhi aliyeuchora mchoro akausogelea, akakohoa, akasoma: "Njia mpaka ziwani."

"Ahsante," akasema Mama Pacha. "Ndiyo hiyo ninayopita. Njia, mpaka ziwani."

Akaketi. Naapa, hata feni lilisita.

"Hapana!" Bwana Ukuta alinguruma, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nilimwambia kwenye simu: njia, mpaka! Yaani hiyo njia ndiyo mpaka! Halafu ziwani, kwangu! Soma kwa kupumua, bwana!"

"Mzee, ulikuwa unaongea huku unatafuna," akajitetea mpima. "Niliandika nilichosikia."

"Kulikuwa na mkato hapo! Baada ya njia, mkato! Baada ya mpaka, mwingine!"

Mwenyekiti akabadilisha miwani, akaenda ukutani, akainama. Baada ya neno "njia" palikuwa na kidoa cheusi.

"Ndio huo!" Bwana Ukuta alipaza sauti ya ushindi. "Mkato wangu huo!"

Mwenyekiti akaupuliza. Mkato ukaruka, ukazunguka ukumbi mara moja, ukatua kwenye bakuli la sukari.

"Kamati hii," akasema mwenyekiti kwa utulivu wa kutisha, "haiwezi kupitisha mkato wenye mabawa. Chagua, baba. Uyaondoe maombi haya, uchore upya, ubandike tangazo upya, upange foleni upya. Au tupitishe yalivyo, na njia iende ilikoandikwa iende. Chai inapoa."

Bwana Ukuta akatazama mlangoni. Foleni ilikuwa imetoka nje ya jengo, imepinda kona, na katikati yake kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja na mto wa kulalia. Jitu lile, mshinda nafasi wazi, likaokota kiti chake, likaketi.

"Pitisheni," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Muhuri ukashuka kama radi.

Jioni ile ile Mama Pacha aliteremka na ndoo, peku, akashangiliwa na vyura. Bwana Ukuta alikuwa ameketi katikati ya kijia, kwenye kiti cha plastiki.

"Umenifanyia ujanja, shemeji."

"Mimi nimeomba isomwe tu, shemeji. Haya, sogeza kiti, upo barabarani."

Akasogeza. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo mtaa mzima uliisikia: "Hivi, ile miche ya pilipili bado ipo?"

"Ipo. Njia unaijua."

Basi vizazi na viambiwe, na wasiosikia waandikiwe, kwamba siku hiyo ndoo moja ya maji ilipanda kutoka ziwani bila kumwaga hata tone, nyanya zikanywa zikashiba, na wafalme wakubwa zaidi wamesifiwa kwa machache zaidi. Bwana Ukuta aliukosa mkato. Mama Pacha akabaki na njia ya mkato.